Upasuaji na kinga ya mwili: namna ya kujiandaa, kupona na kujua siku za kuwa macho

Mtu anaingia hospitalini akitembea, upasuaji unafanikiwa, mshono ni msafi, halafu siku ya nne anaanza kukohoa makohozi mazito na homa inapanda. Ndugu wanaulizana maradhi haya ameyatoa wapi. Mara nyingi hakuyatoa mbali. Bakteria walikuwa mdomoni, kooni, kwenye ngozi au tumboni mwake mwenyewe, wamedhibitiwa miaka yote, na kwa siku chache kinga iliyokuwa ikiwadhibiti ilipungua nguvu.

Kila upasuaji hushusha kinga kwa kiasi fulani, hata wa mtu mwenye afya njema kabisa. Lakini kinga haishuki ovyo. Hushuka kwa ratiba inayojulikana, na kila tiba inayoambatana na upasuaji, iwe damu ya kuongezewa, dawa za saratani, mionzi au steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe, kama prednisoloni), ina ratiba yake. Mgonjwa anayeijua ratiba yake anajua homa ipi ni ya kusubiri hadi asubuhi na ipi ni ya kukimbilia hospitalini usiku uleule. Hilo ndilo lengo la mwongozo huu. Hauchukui nafasi ya daktari wako. Unakupa maswali ya kumuuliza na mambo ya kufanya wakati hayupo.

Hatua ya 1: Elewa kinachotokea kisu kinapopita

Kisu kinapokata ngozi na misuli, seli zilizojeruhiwa humwaga vitu ambavyo kwa kawaida hukaa ndani yake. Kinga huvichukulia vitu hivyo kuwa ishara ya hatari, hata kama hakuna bakteria hata mmoja aliyeingia. Ndani ya saa chache kiwango cha intalukini 6, protini inayopeleka ishara ya uvimbe, hupanda katika damu, seli nyeupe aina ya nyutrofili hukimbilia kwenye jeraha, na ini huanza kutengeneza kwa wingi protini iitwayo CRP, ambayo hufika kileleni siku ya pili au ya tatu. Ndiyo maana mtu aliyefanyiwa upasuaji jana anaweza kuwa na joto la nyuzi 38 na seli nyeupe nyingi bila kuwa na maambukizi yoyote.

Huo ni upande mmoja. Upande wa pili huanza karibu wakati uleule, nao hauonekani kwa macho. Tezi zilizo juu ya figo humwaga kortisoli na adrenalini, homoni zinazouwezesha mwili kuvumilia mshtuko lakini pia huzipoza seli za kinga. Limfosaiti, ambazo hutunza kumbukumbu ya maradhi ya zamani na kupambana na virusi, hupungua katika damu. Seli zinazowinda chembe za saratani na chembe zilizoshambuliwa na virusi hulegea. Monosaiti, ambazo kazi yake mojawapo ni kuwaonyesha wenzake vipande vya kijidudu ili wakitambue, huwa hazionyeshi vizuri. Mwili unafanya hivyo kwa sababu: bila breki hiyo, uvimbe ulioanzishwa na kisu ungeendelea kuharibu hata tishu zilizo nzima.

Kwa upasuaji mdogo, kama wa ngiri isiyo na matatizo, mabadiliko haya ni madogo na huisha ndani ya siku chache. Kwa upasuaji mkubwa wa tumbo, kifua au nyonga yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Yanayoamua ni ukubwa wa jeraha, muda wa upasuaji, damu iliyopotea na hali ambayo mgonjwa aliingia nayo. Upasuaji wa matundu madogo unaotumia kamera huitikisa kinga kidogo kuliko kufungua tumbo kwa mpasuo mrefu, hata pale kazi inayofanyika ndani ni ileile. Ukipewa nafasi ya kuchagua, hiyo ni sababu moja ya kuuliza kama njia ya kamera inakufaa.

Hatua ya 2: Zitumie wiki zilizopo kabla ya tarehe

Kama upasuaji si wa dharura, hapa ndipo penye faida kubwa kuliko kwingine kote. Watu wengi husubiri tarehe wakiwa wamekaa, kisha wanahangaika baada ya upasuaji na mambo ambayo yangerekebishwa mapema. Kwa maoni yangu, wiki nne hadi sita za kabla zina thamani kuliko wiki nne hadi sita za baada.

Sigara iache angalau wiki nne kabla. Moshi hupunguza oksijeni inayofika kwenye jeraha, na nyutrofili huhitaji oksijeni ili kuua bakteria. Pia hulemaza vinyweleo vinavyosukuma makohozi kutoka mapafuni, na mapafu ndiyo yanayoshambuliwa mara kwa mara baada ya dawa ya usingizi. Kama wiki nne zimeshapita na bado unavuta, acha leo. Hakuna siku ambayo kuacha ni hasara.

Sukari ipimwe hata kama hujawahi kuambiwa una kisukari. Damu yenye sukari nyingi huzifanya nyutrofili ziwe nzito kufika kwenye jeraha na dhaifu zikifika. Kipimo cha HbA1c kinaonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kwa hiyo hakidanganywi na kufunga siku moja. Kumbuka pia kwamba kortisoli ya upasuaji hupandisha sukari ya mtu yeyote. Madaktari wengi hulenga ibaki chini ya milimoli 10 kwa lita, sawa na miligramu 180 kwa desilita, wakati wa upasuaji na siku zinazofuata.

Damu yako ipimwe mapema pia. Upungufu wa damu ukigunduliwa siku ya upasuaji, suluhisho linalobaki huwa ni kuongezewa. Ukigunduliwa wiki sita kabla, dawa ya madini ya chuma mara nyingi hutosha, kwa kuwa vidonge vyake huhitaji wiki kadhaa kuleta matokeo. Na kuongezewa damu si jambo dogo kwa kinga. Mwaka 1973 watafiti wakiongozwa na Gerhard Opelz waliona kwamba wagonjwa waliokuwa wameongezewa damu kabla ya kupandikizwa figo walikaa na figo hizo muda mrefu zaidi kuliko wasioongezewa. Yaani damu ya mtu mwingine ilikuwa imeituliza kinga yao. Kwa figo mpya hiyo ilikuwa faida. Kwa mtu aliyetoka kupasuliwa utumbo ni sababu ya kuwa mwangalifu zaidi na maambukizi. Sehemu ya tatizo ni seli nyeupe za mtoaji, na nchi nyingi siku hizi huzichuja kabla damu haijatumika. Hii haina maana ukatae damu. Mtu anayevuja damu nyingi bila kuongezewa hufa, na hakuna hoja ya kinga inayoshinda hilo. Maana yake ni kwamba kwa mgonjwa aliyetulia, madaktari wengi husubiri mpaka himoglobini ishuke karibu na gramu 7 kwa desilita, au 8 kwa mwenye ugonjwa wa moyo, badala ya kuongeza damu kwa mazoea.

Chakula: kinga hujengwa kwa protini. Makadirio yanayotumika sana kwa mgonjwa wa upasuaji ni gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, hivyo mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuongea na daktari wake. Kama umepungua uzito bila kukusudia, hasa kwa asilimia 10 au zaidi ndani ya miezi sita, mwambie daktari wazi hata kama hajauliza. Upasuaji mwingine husogezwa mbele kwa wiki moja au mbili ili mgonjwa alishwe kwanza, na hiyo si kucheleweshwa bali ni matibabu.

Chanjo zichukuliwe mapema, kwa kuwa mwili huhitaji takriban wiki mbili kutengeneza kingamwili za kutosha. Chanjo zenye virusi hai zina masharti yake, hasa kama utapewa dawa za kupunguza kinga baadaye. Uliza kabla ya kuchanjwa. Chanjo isifanyike siku moja au mbili kabla ya upasuaji, maana homa yake itawachanganya wote.

Sasa dawa. Andika kila unachomeza: jina, kipimo, saa. Anayetumia prednisoloni kila siku kwa zaidi ya wiki tatu asiache ghafla, kamwe. Tezi zake za juu ya figo zimezoea kuletewa steroidi kutoka nje na huenda zisiamke kutengeneza kortisoli siku ya upasuaji. Shinikizo la damu linaweza kuporomoka. Mara nyingi hupewa kipimo cha ziada siku hiyo, ila hawezi kupewa kama hakusema. Kwa dawa nyingine za kupunguza kinga, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unashauri zisiachishwe kwa lengo la kuzuia maambukizi ya kidonda peke yake. Methotreksati kwa mgonjwa wa baridi yabisi kwa kawaida huendelea. Sindano za kibayolojia, yaani dawa za protini zinazozuia sehemu maalumu ya kinga, ni tofauti: kwa upasuaji wa kubadilisha nyonga au goti, tarehe hupangwa mwishoni mwa mzunguko wa dozi, pale ambapo dozi nyingine ingetakiwa. Anayeishi na virusi vya UKIMWI aendelee na ARV bila kuruka dozi. Mwonyeshe daktari wa usingizi orodha yako, kwa sababu baadhi ya ARV hugongana na dawa zake.

Nina neno moja juu ya vidonge vya kuongeza kinga. Viache. Kitunguu saumu cha vidonge, ginseng na ginkgo huweza kuongeza kutoka damu, na mimea inayodaiwa kuchochea kinga inaweza kupingana na dawa anazotumia mtu aliyepandikizwa kiungo. Fedha hiyo inunue mayai, samaki au maharage.

Kwa ngozi: oga kwa sabuni usiku wa kuamkia au asubuhi ya upasuaji, na usinyoe mwenyewe sehemu itakayopasuliwa. Wembe huacha mikwaruzo midogo isiyoonekana, na humo bakteria huzaliana usiku kucha. Kama nywele lazima ziondolewe, mashine ya kukatia ndiyo hutumika, hospitalini.

Hatua ya 3: Siku yenyewe

Siku hii mgonjwa hana mengi ya kufanya, ila ana mawili matatu ya kuuliza.

La kwanza ni antibayotiki ya kinga. Kwa upasuaji unaoihitaji, hutolewa ndani ya dakika 120 kabla ya mpasuo, na kwa dawa nyingi karibu zaidi na mpasuo, ili iwe tayari ndani ya tishu kisu kinapofika. Upasuaji ukiisha, kwa kawaida haina haja ya kuendelea kwa siku nyingi. Ndugu hupenda kudai antibayotiki za wiki nzima wakidhani wanamlinda mgonjwa wao. Wanachofanya ni kuua bakteria wema wa tumboni na kuwaachia nafasi wale sugu.

La pili ni joto. Watu hulichukulia kuwa suala la starehe tu, lakini mwaka 1996 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 200 wa upasuaji wa utumbo mpana. Waliopoa hadi wastani wa nyuzi 34.7 walipata maambukizi ya kidonda kwa asilimia 19. Waliopashwa joto wakabaki kwenye nyuzi 36.6, asilimia 6. Tofauti ya nyuzi mbili! Mwili ukipoa, mishipa ya ngozini hubana, oksijeni hupungua kwenye jeraha, na nyutrofili hukosa nguvu. Kwa hiyo ukihisi baridi kwenye kitanda cha kusubiria, sema. Omba blanketi. Usione haya.

Kufunga kula nako kumebadilika. Kwa mtu mzima asiye na tatizo la tumbo, chakula hukatazwa saa 6 kabla na maji meupe saa 2 kabla. Kukaa na njaa na kiu tangu jana jioni kwa upasuaji wa saa nane mchana huongeza mshtuko bila faida, ila fuata maelekezo uliyopewa wewe.

Kuhusu dawa ya usingizi, wengi huogopa kwamba inaharibu kinga. Maabara zinaonyesha kwamba baadhi ya dawa hizo na morfini hupunguza kazi za seli fulani za kinga. Lakini jaribio kubwa la upasuaji wa saratani ya matiti lililochapishwa mwaka 2019 lililinganisha ganzi ya sehemu na usingizi kamili, na saratani ilirudi kwa kiwango kilekile pande zote mbili. Dozi moja ya deksamethasoni ya kuzuia kichefuchefu nayo ilichunguzwa katika jaribio la mwaka 2021, na miligramu 8 hazikuongeza maambukizi ya kidonda. Hapa usijinyime usingizi kwa hofu. Maumivu makali yasiyotulizwa huishusha kinga pia, na humzuia mgonjwa kukohoa na kutembea.

Hatua ya 4: Siku 30 za kuangalia kidonda

Pima joto asubuhi na jioni, andika namba na saa. Hakuna chombo cha bei nafuu chenye faida kuliko kipimajoto kwa mtu aliyeruhusiwa kurudi nyumbani.

Homa ya siku mbili za kwanza mara nyingi ni ule uvimbe wa kawaida niliouelezea. Kuna ubaguzi: maambukizi machache makali, yanayosababishwa na streptokoki au klostridia, huweza kuanza ndani ya saa 48, na dalili yake ni maumivu yanayozidi kupita kiasi kulingana na jinsi kidonda kinavyoonekana. Homa inayoanza siku ya tatu na kuendelea itafutiwe chanzo: mapafu, mkojo, sehemu iliyowekwa kanula, mguu uliovimba kwa damu iliyoganda. Maambukizi ya kidonda chenyewe hujitokeza zaidi kati ya siku ya tano na ya kumi, wakati ambapo wengi wako nyumbani tayari. Muda rasmi wa kuyahesabu ni siku 30, na siku 90 kwa baadhi ya upasuaji unaoacha kitu ndani, kama nyonga ya chuma.

Hebu tukiangalie kidonda kwa karibu. Siku ya pili, kingo za mshono huwa nyekundu kidogo, ukingo mwembamba kama wa milimita chache, zimevimba, zina joto, na bandeji inaweza kuwa na majimaji ya rangi ya waridi. Hiyo ni kazi ya nyutrofili na ni sawa. Siku ya sita wekundu unapaswa uwe umefifia na maumivu yawe yanapungua kila siku. Ukiona wekundu unatanuka, chukua kalamu uchore mstari kwenye mpaka wake na uandike saa. Ukivuka mstari baada ya saa chache, una ushahidi wa kumpelekea daktari, na huna haja ya kubishana na mtu kama ni ule ule wa jana. Majimaji yakigeuka usaha, yakanuka, au mshono ukafunguka, nenda siku hiyohiyo.

Waliopasuliwa utumbo wana kipimo kingine cha kufuatilia: CRP. Baada ya kilele cha siku ya pili au ya tatu inatakiwa ishuke. Ikiwa bado iko juu ya miligramu 150 kwa lita siku ya tatu hadi ya tano, madaktari huanza kushuku kwamba pale palipounganishwa panavuja.

Mambo yanayolinda mapafu na damu ni ya kuchosha lakini hayana mbadala: kuketi kitini siku ileile au kesho yake, kutembea, kuvuta pumzi ndefu mara kadhaa kila saa ukiwa macho, kukohoa huku umeshikilia mto tumboni, na kupiga mswaki mara mbili kwa siku. Mpira wa mkojo ukae kwa muda mfupi iwezekanavyo. Kila asubuhi uliza kama bado unahitajika. Wageni wanawe mikono kabla ya kumgusa mgonjwa, na mwenye mafua abaki nyumbani hata kama ni mtoto wa kwanza wa mgonjwa. Atapiga simu.

Nenda hospitalini bila kusubiri asubuhi ukiona lolote kati ya haya:

- pumzi 22 au zaidi kwa dakika mgonjwa akiwa ametulia
- kuchanganyikiwa, kusinzia kusiko kwa kawaida au maneno yasiyoeleweka
- shinikizo la damu lililoshuka, namba yake ya juu ikiwa 100 au chini
- kutetemeka kwa baridi kali, au ngozi baridi yenye madoa
- mkojo uliopungua sana

Hizo ni dalili kwamba maambukizi yameanza kuviathiri viungo vingine, na dawa inayotolewa saa moja mapema hubadilisha matokeo.

Hatua ya 5: Kama tiba nyingine zinafuata

Kwa saratani, upasuaji mara nyingi ni mwanzo tu. Hapa ratiba mbili hupandana, nayo ndiyo sababu madaktari hungoja kidonda kipone kwa wiki kadhaa kabla ya kuanza dawa za kemikali.

Dawa hizo huzipiga seli zinazogawanyika haraka, na uboho unaotengeneza nyutrofili umo. Kwa dawa nyingi, nyutrofili hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, kisha hupanda. Zikishuka chini ya 500 kwa mikrolita, bakteria wa utumboni wanaweza kuingia kwenye damu bila kukutana na upinzani. Weka alama kwenye kalenda kila dozi inapotolewa. Ndani ya siku hizo, joto la nyuzi 38 ni dharura hata kama mgonjwa anajisikia vizuri na hana kidonda wala kikohozi. Bila nyutrofili usaha hautengenezwi, kwa hiyo dalili nyingine zinaweza zisionekane. Pima joto kabla ya kumeza parasetamoli, kwani parasetamoli itaificha homa. Usipime kwa njia ya haja kubwa. Ukifika mapokezi, neno la kwanza liwe "ninatumia dawa za saratani", ili usiachwe kwenye foleni. Lengo ni antibayotiki ya mshipa ndani ya saa moja.

Mionzi huua limfosaiti hata kwa vipimo vidogo, na idadi yake inaweza kubaki chini kwa miezi. Ngozi iliyoungua huacha njia ya kuingilia. Jambo linalosahaulika ni kwamba tishu iliyopigwa mionzi hupona polepole hata miaka mingi baadaye. Aliyepigwa mionzi shingoni au tayani asing'olewe jino kabla ya kumweleza daktari wa meno. Mfupa wa taya unaweza kushindwa kupona na kuanza kufa.

Steroidi za kiwango cha juu, kama prednisoloni miligramu 20 au zaidi kwa siku kwa wiki mbili au zaidi, hushusha kinga na kuificha homa. Kabla ya kuzianza kwa muda mrefu, aliyewahi kuishi kwenye maeneo yenye minyoo ya strongiloidesi apimwe au atibiwe, kwa sababu mnyoo huyo huweza kukaa kimya miongo mizima kisha akaenea mwili mzima kinga ikishuka. Kabla ya sindano za kibayolojia zinazozuia TNF, protini ya kinga inayochochea uvimbe, kifua kikuu kilicholala hutafutwa. Rituksimabu, sindano nyingine ya kibayolojia, huondoa seli B, limfosaiti ambazo hutokeza kingamwili, kwa miezi sita au zaidi, hivyo chanjo zitangulie, vinginevyo zinaweza zisishike.

Kuna kundi moja la tiba linalofanya kinyume. Dawa za saratani zinazofungua breki za kinga, ugunduzi uliowapa James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobeli mwaka 2018, huweza kuifanya kinga ishambulie utumbo, mapafu, ini au tezi za mgonjwa mwenyewe. Kuhara au kikohozi kikavu kwa mtu wa namna hii, hata miezi baada ya dozi ya mwisho, kisitibiwe kwa dawa za dukani. Huenda anahitaji steroidi.

Hatua ya 6: Ukipandikizwa kiungo

Upandikizaji wa figo wa kwanza kufaulu, uliofanywa na Joseph Murray huko Boston mwaka 1954, ulikuwa kati ya mapacha wa kufanana, na ndiyo maana haukuhitaji dawa za kuishusha kinga. Wengine wote wanazihitaji maisha yote ya kiungo hicho. Siklosporini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1983, na takrolimusi iliyoifuata ndizo zilizofanya jambo hili liwezekane kwa wengi.

Ratiba yake ina vipindi vitatu. Mwezi wa kwanza hatari ni zile za upasuaji wowote. Mwezi wa kwanza hadi wa sita ndipo virusi na fangasi waliolala huamka, kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa za kuwazuia. Baada ya hapo, kama hali ni nzuri, hatari kubwa hubaki zile za kila mtu: mafua, nimonia, maambukizi ya mkojo. Dozi inywewe saa ileile kila siku. Balungi lisiliwe, wala juisi yake, kwani hupandisha kiwango cha dawa hizi katika damu. Ngozi ikingwe na jua, kwa kuwa saratani ya ngozi huongezeka kwa watu hawa.

Hatua ya 7: Kama kilichoondolewa ni sehemu ya kinga yenyewe

Tonsili zikiondolewa, watu wengi hawaoni tofauti kubwa ya maambukizi maishani. Kidole tumbo vivyo hivyo. Tezi za limfu za kwapani zikiondolewa kwa sababu ya saratani ya matiti, mkono wa upande huo unaweza kuvimba na kuambukizwa kirahisi. Mkwaruzo mdogo wenye wekundu unaotanuka utibiwe siku hiyohiyo. Thimasi, tezi ya kifuani inayokomaza seli T (aina ya limfosaiti), ilidhaniwa haina kazi kwa mtu mzima na ilikuwa ikiondolewa tu ili kuona moyo vizuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uligundua kwamba ndani ya miaka mitano watu wazima walioondolewa thimasi walikufa kwa asilimia 8.1, dhidi ya 2.8 ya wenzao waliofanyiwa upasuaji wa kifua bila kuondolewa, na saratani ilikuwa nyingi zaidi pia. Inafaa kuuliza kama ni lazima iondoke.

Wengu, yaani bandama, ni habari nyingine. Huo huchuja damu na kuwakamata bakteria wenye utando wa sukari, hasa pneumokoki, meningokoki na Hib, ambao huleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Mwaka 1952 King na Shumacker walieleza watoto wachanga walioshikwa na maambukizi makali baada ya kuondolewa wengu, na tangu hapo tunajua kwamba hatari hii hudumu maisha yote ingawa miaka ya mwanzo ndiyo mibaya zaidi. Mtu huanza na homa na mwili kuuma kama mafua, na ndani ya saa chache anaweza kuwa mahututi.

Chanjo dhidi ya bakteria hao zitolewe angalau wiki mbili kabla ya upasuaji uliopangwa, au takriban wiki mbili baada ya ule wa dharura. Ya meningokoki hurudiwa kila miaka mitano, ya mafua kila mwaka. Watoto hupewa penisilini kila siku kwa muda utakaoamuliwa na daktari. Watu wazima wengi huwekewa dozi ya akiba ya kumeza mara homa inapoanza, wakiwa njiani kwenda hospitalini na si badala ya kwenda. Kuumwa na mbwa ni dharura kwao hata jeraha likiwa dogo, kwa sababu ya bakteria mmoja wa mate ya mbwa. Malaria nayo huwa kali, hivyo kinga yake isikosekane mahali ilipo.

Tembea na kadi inayosema wengu umeondolewa, tarehe, chanjo ulizopata na dawa zinazokudhuru. Ipige picha na uiweke kwenye simu ya mtu unayeishi naye pia, kwa sababu homa ya namna hii huweza kukukuta ukiwa huwezi kujieleza.